Swali la Kumi na Saba

Dada yangu Verediana hasahau. Hasira ya watu wengine ni povu, inapanda na kushuka. Ya kwake aliilea miaka tisa na kuisomesha mpaka chuo kikuu. Mimi ni mdogo wake, Diana, fundi cherehani hapa Ujiji, na nasema wazi kwamba katika hasira hiyo tulikuwa bega kwa bega. Anayetaka habari ya msichana aliyesoma kwa kuwa alipenda kusaidia watu aitafute pengine. Verediana alisomea saikolojia ya tiba ili ammalize mtu mmoja.

Mtu huyo jina lake Leonardi. Mbele za watu tulimwita Daktari Leonardi, tukiwa wawili tuliuondoa udaktari.

Nianze na mjomba, maana yote yanatoka kwake. Mama yetu alizaliwa Nyanza-Lac, upande wa Burundi, akaolewa huku Simbo. Vita ilipochacha kwao, mwaka tisini na sita, kaka yake Bucumi alitoka nyumbani na mke na watoto watatu, akafika Kigoma peke yake. Hatukumuuliza. Kwetu mtu mzima haulizwi mambo ya namna hiyo. Akitaka kusema atasema, asipotaka unamletea maji ya kunawa na chakula, basi. Serikali haikutazama undugu wetu. Alipelekwa kambini na wenzake, kwenye barabara ya Kasulu, mbele kabisa ya Kidahwe, akaambiwa asitoke zaidi ya kilomita nne. Kila mwezi mama alimpelekea dagaa na chupa ya mawese.

Verediana alikuwa amemaliza kidato cha nne, hana kazi. Shirika moja kambini lilitafuta wakalimani, akaenda. Kiha chetu na Kirundi vinasikilizana bila shida, na Kiswahili alikuwa nacho cha shule. Lakini tusidanganyane, alikwenda kwa sababu ya mjomba. Alitaka awe anamwona kila siku.

Pale kambini palikuwa na kibanda cha ushauri. Mtawa mmoja mzee alikaa humo na viti viwili na jagi la maji, na mtu mwenye mzigo moyoni alikwenda kukaa naye. Mjomba alikwenda kila Jumanne, amechana nywele, amevaa shati lake la pekee lenye kola. Mama alipomuuliza wanaongea nini, alisema, "Tunakaa." Verediana alituambia kwamba siku za Jumanne mjomba alikula chakula chote.

Mwaka tisini na nane, mwezi wa saba, Leonardi akaja. Wakati huo hajawa daktari, utafiti ule ndio uliompa udaktari. Alikuja na dodoso la maswali thelathini, shirika likampa Verediana wa kumtafsiria. Alikuwa na fulana safi na kalamu tatu mfukoni, na siku ya kwanza alisema mbele ya wote, akicheka, "Mimi mtu wa Dar, jamani. Lugha zenu hizi sijui hata salamu." Wiki tatu walikaa chini ya turubai. Leonardi anasoma swali kwa Kiswahili, Verediana analipeleka kwa mkimbizi, mkimbizi anajibu, Verediana analirudisha jibu na kujaza fomu kwa mkono wake. Watu mia mbili na kumi, na mjomba akiwamo. Kisha Leonardi akaondoka.

Desemba ripoti ilirudi ikiwa na jalada la bluu. Ilisema kwamba watu wa kambi ile wamepigwa na mengi lakini mioyo yao ni imara ajabu, na kwamba kwa swali la kumi na saba, lile la kufikiria kujiua, ni wanne tu kati ya mia mbili na kumi waliosema ndiyo. Wakubwa wa shirika walifurahi. Mtawa alihamishiwa kwingine, na kile kibanda wakakigeuza stoo ya majembe. Jumanne iliyofuata mjomba alikwenda na shati lake lenye kola, akakuta kufuli, akakaa chini nje ya mlango. Jumanne nyingine pia. Verediana alimwona, akampelekea maji.

Mwezi wa tatu mjomba Bucumi alijiua.

Sitaeleza zaidi ya hapo, mama yangu bado yuko hai. Nitasema tu kwamba tulipotoka kuzika, Verediana alinishika mkono kwa nguvu, vidole vikaniuma, akasema, "Yule mtu alitunga zile namba. Wanne? Kambi nzima ile, wanne? Nitamfuata, Diana, hata ikinichukua uzee." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimwambia amfuate, nami nitashona.

Ndivyo tulivyoishi. Nilishona sare za shule, mapazia, magauni ya kipaimara, na yeye akasoma: kidato cha tano na sita kwa kujitegemea, kisha shahada ya kwanza ya saikolojia, kisha akaomba shahada ya pili, ile ya kumfanya mtaalamu wa tiba mwenyewe. Alichagua chuo kimoja tu, chuo alichofundisha Leonardi. Kwenye mahojiano ya kujiunga walimuuliza kwa nini anataka kazi hii, akajibu kwamba anatoka Kigoma na ameona mateso. Hakusema mengine.

Leonardi hakumkumbuka. Wiki tatu chini ya turubai moja, na hakumkumbuka. Aliingia darasani amenenepa, nywele zimeanza mvi, akawafundisha wanafunzi wake "Utafiti wangu wa Kigoma" kwa mihadhara miwili mizima. Utafiti ule ulikuwa umemfanya mkubwa. Aliitwa kwenye semina, alihojiwa redioni, wengine waliunukuu kwenye vitabu vyao. Verediana alikaa kiti cha mbele na kuandika kila neno. Aliniambia kwenye simu kwamba mtu yule ana kilema kimoja: hawezi kuacha swali lipite. Mwanafunzi akimuuliza mwenzake kitu pembeni, Leonardi anajibu. Mlinzi akiuliza saa ngapi kule koridoni, Leonardi anajibu. Tulicheka sana siku hiyo, bila kujua tunacheka nini.

Likizo alikuja kufanyia mazoezi kwangu. Kwenye masomo yale huruhusiwi kumwona mgonjwa mpaka uwe umejifunza kunyamaza, na dada yangu hakujua kunyamaza. Basi ananikalisha nyuma ya cherehani niwe mgonjwa. Nikisema mteja amenikera, ananitazama kwa upole wa kununua na kusema, "Na ulijisikiaje alipokukera?" Nilimrushia kipande cha chaki. Lakini nilijifunza mengi. Alinifundisha dalili. Alisema mtu aliyechoka na maisha mara nyingi halii, anatulia. Anaanza kugawa vitu vyake. Alisema pia kwamba mtu wa namna hiyo unamuuliza wazi, kwa neno lenyewe, na kwamba kumuuliza hakumwingizii wazo ambalo hana. Aliyasema haya kama mtu anayesoma kutoka kitabuni, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka wa pili ulikuwa wa vitendo. Kila mwanafunzi anatakiwa kujaza saa zake za kuona wagonjwa kwenye daftari, na mwisho msimamizi anakuja, mwanafunzi anawasilisha mgonjwa mmoja mbele ya jopo, msimamizi anatia saini. Bila saini hiyo hupati kitu. Verediana aliomba apangiwe Kigoma, na msimamizi wake akawa Leonardi. Aliponiambia hilo alikuwa anatabasamu, na mimi nilitabasamu naye.

Maana tulikuwa na mpango. Fomu za mwaka ule hazikuchomwa. Zilikuwa zimelala mjini, kwenye stoo ya shirika, ndani ya boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Sasa Verediana alikuwa mtaalamu mwanafunzi mwenye barua ya chuo, na mtunza stoo alimpa boksi bila hata kuuliza. Mpango ulikuwa rahisi. Tungezihesabu zile ndiyo za swali la kumi na saba, tungezikuta themanini au mia, na siku Leonardi akija mbele ya jopo, Verediana angelimwaga boksi mezani. Angemvua udaktari hadharani. Angelitaja jina la mjomba.

Alilileta boksi kwangu Jumatatu mchana. Nilisukuma vitambaa pembeni, tukakaa chini kwenye mkeka. Yeye anafungua fomu na kusoma, mimi naweka alama kwa chaki kwenye ubao wa kukatia nguo. Hapana. Hapana. Hapana. Tulipofika themanini nilikuwa na alama moja ya ndiyo. Nikamwambia asome vizuri. Tulipofika mia na hamsini nilikuwa na tatu. Karatasi zilikuwa safi, hazikufutwa wala kuguswa, na mwandiko ulikuwa wa dada yangu, ule wa herufi zilizolala alioupata kwa masista. Tukamaliza. Walikuwa wanne.

"Hakutunga," nikasema.

 Verediana alirudi nyuma kwenye rundo akatoa fomu moja, akaishika. Bucumi, miaka hamsini na mbili, mjane. Swali la kumi na saba: hapana.

"Mjomba alikudanganya?"

"Sikumuuliza."

Nilidhani sikumsikia. Akarudia, taratibu, macho kwenye karatasi. "Diana, ningemuuliza vipi? Mjomba wangu, ndugu wa mama, nimtazame usoni nimwambie, je, unafikiria kujiua? Mimi, binti wa miaka ishirini na mbili? Na wale wazee wengine, na wale akina mama waliozika watoto? Lile neno halikupita mdomoni. Leonardi akifika la kumi na saba, mimi nilikuwa nasema, Urakomeye? Wakajibu, Ndakomeye. Nikaandika hapana."

Kwa mtu asiyeijua lugha, Urakomeye ndiyo ile unayomuuliza mtu njiani, mzima wewe, una nguvu? Na mtu aliyelelewa vizuri hujibu kwamba ni mzima, hata kama anafuka moshi.

"Na hawa wanne?"

"Hao walilia wenyewe, bila kuulizwa."

"Miaka yote hii ulikuwa unajua?"

"Sikukumbuka. Naapa kwa kaburi lake, sikukumbuka kama ni kosa. Niliona ni adabu. Ukishaona jambo ni adabu huliweki na makosa yako."

Niseme ukweli wangu. Nilimchukia. Nilimtazama dada yangu pale kwenye mkeka wangu, aliyekula sare na mapazia yangu miaka tisa ili alipize, na nilitaka mtu wa kumlipa awe yeye. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Hakujitetea hata kwa moja. Alizipanga fomu, akafunga kamba, akaniomba nimbebee boksi siku ya jopo kama tulivyokubaliana.

Alhamisi saa nne asubuhi tulikuwa kwenye ukumbi mdogo mjini, juu ya bandari, madirisha yakitazama ziwa. Wanafunzi sita, Leonardi katikati ya meza, na kuliani kwake profesa mmoja wa kike, mtahini wa nje, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Nilikaa nyuma na boksi miguuni. Sikujua dada atafanya nini. Hasira yangu ilikuwa imegawanyika, nusu inamtazama yeye na nusu inamtazama Leonardi, na zote zilikuwa za moto.

Verediana alisimama. Alimwamkia profesa, "Shikamoo," akamwamkia Leonardi vilevile.

"Mgonjwa wangu wa leo," alisema, "alifariki miaka tisa iliyopita. Aliitwa Bucumi. Alikuwa mjomba wangu, na mkalimani wake nilikuwa mimi."

Leonardi aliinua kichwa. Ndipo alipomkumbuka, niliona.

Akasema yote. Turubai, wiki tatu, dodoso, mwandiko. Akaniita, nikaleta boksi mbele, akaitoa fomu na kumpa profesa. Akasema swali la kumi na saba halikuulizwa kambini hata mara moja, kwa hiyo ile namba ya wanne si kitu, na kibanda kilifungwa juu ya namba ambayo si kitu.  Aliponiambia zamani kwamba atamvua Leonardi hadharani sikuwaza kwamba ataanza kwa kujivua yeye.

"Badala ya swali hilo uliwauliza nini?" profesa akasema.

"Niliwauliza, Urakomeye."

"Na maana yake?"

Verediana aligeukia meza kwanza. Akaichukua glasi ya maji. Na Leonardi, mtu asiyeweza kuacha swali lipite, akajibu.

"Ni salamu tu. Unamuuliza mtu kama yu mzima, ana nguvu. Mtu wa heshima hawezi kukataa, atasema Ndakomeye."

Aliitamka vizuri, kama mtu aliyeinyonya.  Kule chini bandarini mtu alikuwa anagonga chuma, na ulisikia kila pigo.

Verediana aliweka glasi mezani. "Daktari," akasema, "ulituambia lugha zetu hujui hata salamu."

Leonardi alivua miwani.  "Nililelewa na bibi," akasema. "Ngara, mpakani na Burundi. Kwetu tunasema hivyohivyo."

"Kwa hiyo ulisikia," profesa akasema.

"Nilisikia tangu mtu wa kwanza. Nikasema nitamrekebisha binti kesho. Kesho yake niliona wazee wanajibu bila taabu, kazi inakwenda." Alitafuta neno. "Na mimi nisingeweza kuwauliza. Kwa ile lugha, nisingeweza."

Hapo ndipo nilipompata mtu wangu. Dada yangu alikosa akidhani ni adabu. Huyu alijua ni kosa, akalifunga kwa jalada la bluu na kuligeuza cheo. Nilimwambia, mimi fundi cherehani ambaye hakuna aliyeniruhusu kusema, "Mjomba wetu alikaa nje ya stoo ya majembe kila Jumanne mpaka alipokufa. Andika na hilo." Hakuna aliyenitoa nje.

Barua za chuo zilikuja baada ya wiki sita. Leonardi aliondolewa kwenye ufundishaji, na utafiti wake ukafutwa kwa tangazo la mistari minne. Nilifurahi. Sitajifanya mtakatifu, nilinunua kuku. Verediana naye aliambiwa arudie mwaka mzima wa vitendo, kwa kuwa alikuwa ameficha undugu wake na mhojiwa pamoja na sababu zake za kuomba kusimamiwa na Leonardi. Aliisoma barua, akaikunja, akasema ni haki. Kuku alimla kidogo.

Sikumsamehe upesi. Nilikuwa namwekea chakula na kurudi kwenye cherehani. Yeye alitulia sana siku hizo. Aliacha kuniuliza ninajisikiaje. Jumamosi asubuhi alikuja dukani akaniwekea saa yake ya mkononi juu ya kitambaa nilichokuwa nakata, akasema inanifaa mimi zaidi, ninachelewesha wateja. Nikaivaa. Kisha akaleta madaftari yake yote ya chuo, akasema labda kuna kijana wa mtaani atayahitaji. Kisha koti lake zuri, lile la jopo, nipunguze mikono niwe navaa mimi.

Mkono wangu ulikuwa umeshika futi ya kupimia. Nikakumbuka aliyonifundisha mwenyewe, pale pale, nikiwa mgonjwa wa kuigiza. Nikamwangalia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, mikono mapajani, ametulia kabisa.

Ni dada yangu mkubwa. Alinibeba mgongoni, alinifundisha kusoma, mbele yake sijawahi hata kutaja ugonjwa wa wanawake bila kuinamisha macho. Nilifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa, "Dada, urakomeye?"

"Ndakomeye," akasema.

Tukatazamana. Tulisikia wote wawili.

Niliweka futi chini. Nikapiga magoti mbele ya kigoda ili nimwone macho, nikamuuliza tena kwa lugha yetu, kwa neno lenyewe, lile ambalo halikuulizwa mara mia mbili na kumi. Lilinitoka kwa shida. Uso ulinichoma kwa aibu kana kwamba nimemtukana mama.

 Mteja mmoja alichungulia mlangoni na sketi mkononi, nikamwashiria aende.

"Ndiyo," Verediana akasema. "Tangu lile boksi."

Nikainuka nikafunga mlango wa duka, nikavuta kiti, nikakaa naye.